Karatasi Inasema Do, Tarumbeta Linatoa Mi

Jioni ya kwanza niliyokaa kwenye okestra nilisifiwa, na nadhani sifa hizo ndizo zilizoniponza. Tulianza na Simfoni ya Tano ya Beethoven. Ile sehemu ya nne inapofunguka, matarumbeta yanapanda do, mi, so, peupe kabisa, kama milango ya kanisa asubuhi ya Pasaka. Nikapuliza bila kutetereka. Mzee aliyekaa kando yangu akaniitikia kwa kichwa. Nikajiona nimefika.

Baada ya mapumziko kiongozi akasema tufungue Simfoni ya Tisa ya Dvořák. Karatasi yangu ilikuwa imeandikwa juu kushoto, kwa herufi ndogo: "Trombe in E", yaani matarumbeta ya E. Sikuyatilia maanani maneno yale. Nikapuliza nilichokiona. Wapiga fidla wa mistari ya mbele waligeuka wote kwa pamoja, kama watu walioguswa bega na mkono mmoja. Kiongozi alishusha mikono. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu, "Tarumbeta la pili, upo kwenye ufunguo gani?" Nikajibu kwa ukweli wa moyo wangu wote kwamba nipo kwenye ufunguo ulioandikwa, yaani ile sauti ya msingi ambayo wimbo unajengwa juu yake.

Wakati huo nilikuwa Leipzig mwaka wa pili, nasomea uuguzi. Nilikuja Ujerumani kwa mpango wa kujitolea wa kanisa, muda ukaisha, nikapata nafasi ya mafunzo, nikabaki. Okestra yenyewe ni ya ridhaa: walimu, mafundi, wastaafu na daktari mmoja wa meno wanaokutana Jumanne jioni kwenye ukumbi wa shule. Hakuna anayelipwa. Hata hivyo watu wale wanasoma nota kama sisi tunavyosoma mabango ya barabarani.

Mimi kupuliza nimefundishwa nyumbani, kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, mgombani, mteremko wa Kilimanjaro. Aliyekulia kati ya Walutheri wa Uchagani anazijua bendi hizi: zinapuliza Krismasi, zinapuliza kipaimara, zinasindikiza marehemu hadi kaburini. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na desturi ya vyombo vya shaba kanisani imetoka kwao Wajerumani. Niliporudi nayo kwenye mji ulioituma, nikakuta nimebeba kitu ambacho sikujua kama ninacho.

Tarumbeta la kawaida ni la B flati. (Herufi ni majina ya sauti za kinanda; flati inashusha sauti nusu toni, shapu inaipandisha nusu toni.) Maana yake, ukipuliza bila kubonyeza vali, vile vitufe vya vidole, hata moja, sauti itakayotoka ni ya ngazi ya B flati kwenye kinanda. Lakini mpulizaji wa bendi ya polisi, au wa jazi, au wa shule yoyote ya muziki, sauti hiyo anaiita C. Karatasi zake zimeandikwa hivyo ili vidole vyake visihangaike. Sasa kwenye makanisa ya Kijerumani alitokea mchungaji mmoja, Johannes Kuhlo (1856–1941), aliyetaka wapulizaji wasome kwenye kitabu kilekile cha mpiga kinanda, pasipo kuandikiwa karatasi za peke yao. Kwa hiyo wapulizaji wa kanisani hufundishwa kuita kila sauti kwa jina lake la kwenye kinanda. B flati ni B flati. Ndivyo mwalimu wetu wa bendi alivyotufundisha, naye alifundishwa hivyo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba duniani kuna namna nyingine.

Ndiyo sababu Beethoven aliniendea vizuri. Karatasi ile ilikuwa "in C", yaani inataka sauti za kinanda kama zilivyo, nami sikuwa najua namna nyingine ya kusoma ila hiyo. Wenzangu wenye matarumbeta ya B flati walikuwa wanahamisha kila nota toni moja juu kichwani, kimyakimya, mimi nikipita tu. Sifa nilizopewa zilikuwa za bahati ya malezi.

Mzee wa kando yangu, fundi mabomba aliyestaafu, alinieleza mambo wakati tunakunja viti. Zamani, alisema, tarumbeta halikuwa na vali. Lilikuwa bomba refu lililopindwa tu, na bomba moja linatoa sauti zake chache za asili, kama baragumu lisivyoweza kuimba wimbo wowote unaoutaka. Simfoni ikiwa kwenye D, mpulizaji anachomeka kipande cha bomba cha kulifanya tarumbeta liwe la D. Ikiwa kwenye E, anachomeka kifupi zaidi. Karatasi yake haibadiliki: daima ameandikiwa C, E, G. Bomba ndilo linaloamua C hiyo italia nini. Vali zikaja, Stölzel na Blühmel wakasajili ubunifu wao Berlin mwaka 1818, vipande vya mabomba vikaachwa taratibu, lakini watunzi wakaendelea kuandika kama baba zao. Dvořák mwenyewe simfoni yake ilipigwa mara ya kwanza New York, Desemba 1893, vali zikiwa na umri wa miaka sabini na ushee, na bado akaandika "in E". (Mwaka uleule Wamisionari wanapanda Machame. Nikiwa na usingizi huwa nafikiri mambo mawili hayo yalipangwa kunikomoa.)

"Kwa hiyo," akasema mzee, "ukiona C, piga E. Ukiona D, piga F shapu. Ukiona E, piga G shapu. Rahisi."

Haikuwa rahisi. Nilirudi chumbani nikachukua penseli, nikaandika juu ya kila nota jina lake la kweli. Karatasi ikajaa herufi kama daftari la kuwekea madeni dukani. Jumanne iliyofuata nilipuliza vizuri kidogo, mpaka tulipofika mahali pa mbio, nikagundua kwamba nasoma herufi na sioni tena muziki: sijui sauti inapanda au inashuka, sijui tungo linaishia wapi. Nikapotea. Na ukipotea kwenye okestra huwezi kuuliza, maana tarumbeta linaweza kukaa kimya vipimo sitini, na ukikosea kuhesabu unabaki mgeni kwenye shughuli ya watu. Mzee alichukua kifutio akafuta ukurasa mzima, taratibu, bila kunitazama.

Nikajaribu njia ya mkato. Kuna matarumbeta ya C, na wapulizaji wengi wa okestra wanayatumia. Nikaazima moja, nikiamini chombo kitanifanyia kazi. Kumbe kwangu mimi lilikuwa balaa jipya. Vidole vyangu vilishajifunza kwamba C ya kati ya kinanda inatoka kwa vali ya kwanza na ya tatu; kwenye tarumbeta la C inatoka bila kubonyeza kitu. Kila sauti niliyoijua ilikuwa imehamia nyumba nyingine. Nililirudisha baada ya siku nne.

Halafu ikaja siku ya "muta". Katikati ya karatasi, baada ya kimya kirefu, palikuwa na maneno "muta in F". Nikakumbuka kile kizibo tunachochomeka kwenye mdomo wa tarumbeta kupunguza sauti, ambacho Waingereza wanakiita kwa neno linalofanana na hilo. Nikakichomeka. Kilipofika kishindo cha okestra nzima, mimi nikawa nalia kama mbu ndani ya chupa, tena kwenye ufunguo wa zamani. Muta ni Kiitaliano, maana yake badilisha: toa bomba la E, weka la F. Anayekuambia kwamba muziki ni lugha moja ya dunia nzima, mpe karatasi ya tarumbeta.

Mambo yalifunguka mahali nisipotarajia. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, saa tisa, nasukuma kitoroli cha dawa kwenye korido, naimba kwa kinywa kilichofungwa ule wimbo wa Luther wa Mungu kuwa ngome. Do do do so la ti do ti la so. Naimba kwa solfa, kama nilivyozoea kwenye kwaya ya vijana kabla hata sijashika tarumbeta. Nikafika mwisho wa ubeti, nikaona nimeanza juu mno, nikaanza tena chini. Do do do so. Nikasimama na kitoroli changu.

Kwaya zetu zinasoma solfa, na solfa haina ufunguo. Mwalimu anaandika ubaoni: Do ni F. Sauti ya kwanza wakilalamika kwamba inawabana, anafuta F anaandika E flati, anaupata mlio kwenye kinanda, tunaendelea. Hakuna anayetoka jasho, hakuna anayehamisha nota moja moja. Do imehama, na wote waliobaki wameifuata kama vifaranga. Nami Leipzig nilikuwa naificha solfa yangu kwa aibu, kwa sababu pale kila mtu anasoma mistari mitano na nilidhani solfa ni ngazi ya chekechea.

Kumbe karatasi ya tarumbeta la zamani ni solfa iliyovalishwa mistari mitano. C yake si C, ni do. G yake ni so. Ndiyo maana mara nyingi haina hata alama za ufunguo pale mwanzoni: haihitaji. Yale maneno "in E", "in D", "in F" ni mwalimu ameandika ubaoni: Do ni E.

Tangu usiku huo niliacha hesabu. Nilifanya mazoezi kwa tenzi. Kila siku utenzi mmoja, mfupi, ninaoujua kwa moyo, kwenye funguo zote: kwanza naimba solfa, halafu napuliza do iwe C, halafu D, E flati, E, F, halafu nashuka kwenye B flati na A. Dakika ishirini tu, na kizibo mdomoni mwa tarumbeta, maana nyumba za kupanga za huku saa nne usiku zinalala na mpangaji wa chini alikuwa ameshagonga dari mara mbili kwa mpini wa fagio. Baada ya tenzi nikaingia kwenye etyudi mia za Sachse, vipande vya mazoezi, ambazo wapulizaji wa huku wanapewa kwa kazi hii hasa. Ni kavu, sitaficha. Lakini etyudi hujawahi kuisikia, na hapo ndipo unapojua kama unasikia kabla ya kupuliza au unabahatisha.

Funguo hazilingani kwa ugumu. D ilinijia ndani ya wiki moja. Toni moja juu, na vidole vinaipenda. E flati ina hila: nota iliyo kwenye mstari inabaki kwenye mstari, ya kwenye nafasi inabaki kwenye nafasi, ukijidanganya kwamba hujaondoka unasahau flati zake tatu. F ni starehe ukishaizoea, tarumbeta la B flati lina undugu nayo. A inabidi ushuke chini, na kichwa kilichozoea kupanda kinakataa kushuka kama punda mlangoni. E ilinichukua miezi mitatu. Na huku Ujerumani kuna "in H", ambayo si kosa la uchapaji: Wajerumani B flati wanaiita B, na B kavu, isiyo na flati wala shapu, wanaiita H. Mtu aliyesomea vitabu vya Kiingereza akiona "in B" atapuliza nusu toni juu ya wenzake kwa ujasiri mkubwa. Hilo mimi sikulifanya. Nimelishuhudia kwa mwingine, nikafurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Solfa nayo haikunifikisha kote. Waitaliano majina ya nota zao ni yaleyale ya solfa, ila hayahami: Do kwao ni C siku zote. Tulipopewa kipande cha opera ya Kiitaliano kilichoandikwa "Trombe in Mi", nilikaa nakitazama muda mrefu. Kwangu mi ni ngazi ya tatu, mtoto wa do. Ufunguo unawezaje kuwa mi? Nilipouliza, mzee alicheka mpaka akavua miwani. Mi ni E. Ilikuwa E ileile iliyonitesa, imebadilisha kanzu.

Kilichonichelewesha zaidi kwenye hiyo E ni alama ndogo. Mada kuu ya sehemu ya mwisho ya Dvořák imeandikwa kwenye karatasi yetu C, D, E flati, D, C. Wakati bado nahesabu kwa kichwa nilikuwa napiga E, F shapu, halafu naona flati, naibandika flati ileile kwenye nota yangu: G flati. Sasa G flati na F shapu ni sauti moja. Kwa hiyo wimbo ule wa kutisha, unaotakiwa kupanda kama mtu anayepandisha hasira, kwangu ulipanda hatua moja ukakwama. Flati ya kwenye karatasi si flati ya mdomoni. Inakuambia tu kwamba nota hii ishushwe nusu toni kutoka pale ilipokuwa, na pale ilipokuwa ilikuwa G shapu, kwa hiyo inakuwa G kavu. Nimeielewa kwa maelezo mara kumi na mara kumi nikakosea. Nikaiimba mara moja, nikasikia ni la, ti, do, ti, la, jinsi kwaya zetu zinavyoanza wimbo wa huzuni, na sijaikosea tena.

Tamasha lilikuwa Novemba, kwenye kanisa lenye baridi ya kuganda. Wakati wa kusubiri nilikuwa napulizia pumzi moto ndani ya tarumbeta lisije likashuka sauti. Ilipofika sehemu ya nne, besi zikaanza kukoroma kwa zile nusu toni zao, nikaona "in E", nikaisikia la yangu kabla sijaweka mdomo. Dakika chache baadaye nilikosea kabisa mahali pengine, penye kimya cha vipimo kumi na moja nilivyohesabu kumi. Mzee akanikanyaga mguu kwa wakati.

Desemba hiyo nilipata likizo nikaenda nyumbani. Mwalimu wa bendi amezeeka, goti linamsumbua, lakini bado anasimama mbele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti changu cha zamani, karibu na vijana watatu ambao nilipoondoka walikuwa bado wanabeba vyombo tu. Usharika siku hizi una kinanda cha umeme, na mpigaji wake ni kijana hodari mwenye tabia ya wapiga kinanda wengi wa kwaya zetu: nyimbo zote anazipiga kwenye ufunguo mmoja anaoupenda, halafu anabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha. Wenyewe wanaita transpozi. Zamani ningemcheka.

Ibada ya Krismasi, tukiwa kwenye F, kabla ya ubeti wa mwisho akabonyeza. Hakumwambia mtu. Kwaya ikapanda naye nusu toni bila kujua kama imepanda, waumini wakapanda, na bendi ikabaki chini. Vijana wale watatu wakashusha vyombo mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba msaada. F shapu ina shapu sita na hakuna kitabu chochote mbele yetu kilichokuwa nayo. Nikatafuta do masikioni, nikaikuta, vidole vikaenda vyenyewe kwenye vali ya pili na ya tatu, nikaingia. Nikapuliza peke yangu mpaka Amina.

Baada ya ibada Mwalimu alikuja akichechemea, akakaa karibu nami kwenye benchi. Nilikuwa namwaga maji kwenye bomba. Akanitazama nikimaliza, akafungua kitambaa chake, akafuta tarumbeta lake kwanza mdomoni, halafu kwenye vali.

"Mwanangu," akasema, "ubeti wa mwisho ulichelewa kuingia."